Boriti ina bei, mkoko je?

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nianze na neno moja: korja. Naona vijana mnatazamana. Korja ni miti 20. Muuza miti ya mikoko alihesabu kwa korja, na kabla ya hapo alishaipanga kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Kila daraja na bei yake. Vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Majahazi yaliibeba miti hiyo hadi Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Sasa niambieni, mkoko uliosimama topeni ni daraja gani? Hauna. Ukiukata, umeingia kwenye pato la taifa. Ukiuacha ukavunja mawimbi, kamba na samaki wachanga wakakulia mizizini, mhasibu anaandika sufuri. Si kwamba hajui kujumlisha. Hakupewa safu ya kuuandika daftarini. Mwaka 2021 mchumi Partha Dasgupta aliikabidhi Hazina ya Uingereza ripoti nene kuhusu jambo hilihili. Kati ya 1992 na 2014, ukigawa kwa kila mtu duniani, mali tulizojenga ziliongezeka maradufu, huku maliasili ikipungua karibu asilimia 40. Yaani tunakula mtaji, tunauita faida.

Pale Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, watu walijaribu kuichora hiyo safu. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, unatunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani hati za kaboni ambayo mikoko imeinyonya hewani, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zikaleta maji na vitabu vya shule. Mti ukalipwa kwa kusimama tu!

Mimi naupenda mradi huu, lakini tazameni kinachouzwa. Unazungusha utepe shinani, juu ya mizizi, unaandika kipenyo, unapiga hesabu ya kaboni. Na kaboni nyingi ya mikoko wala haimo mtini, imo kwenye lile tope linalokuvua viatu. Kaa aliyechungulia shimoni akakuona unapima, hayumo. Mama anayetanda uduvi, hayumo. Halafu bei yenyewe anaipanga mnunuzi aliye mbali, ambaye hajawahi kukanyaga tope hilo.

Kwa hiyo afisa mipango akiniuliza hekta moja ni shilingi ngapi, sikatai, nampa tarakimu. Ila mbele ya tarakimu hiyo naandika kwa wino mwekundu: “si chini ya”.