Tairi la theluji kwenye jua la Mtwara: jinsi ya kuchagua rimu na matairi

Haya, karibuni. Tupo Mikindani, chini ya mwembe, gari nimeshalipiga jeki mbele. Mpwa wangu ndiye ameshika simu, kwa hiyo picha ikicheza mlaumuni yeye. Leo tunachagua rimu na matairi ya kifuku, maana Novemba ikiingia huku kusini mvua haituachi mpaka Aprili. Lakini nitaanza na theluji. Usicheke, subiri.

Mpwa, sogeza simu hapa ubavuni. Karibu zaidi. Mnaona kamchoro ka mlima wa vilele vitatu, na ndani yake kuna chembe ya theluji kama kinyota? Hilo ni tairi la baridi. Mengine ya Japani yanaandikwa kabisa STUDLESS. Magari mengine tunayoagiza hutoka sehemu za baridi kama Hokkaido, na yanashuka meli yakiwa bado yamevaa viatu vya kule.

Sasa tazama kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Kila moja imekatwa mistari myembamba ya wembe, kama chale za wazee wa Kimakonde. Gari likitembea, hizo chale zinafunguka na kung'ata barafu. Mpira wenyewe nao ni laini kwa makusudi. Tairi la kawaida, joto likishuka chini ya nyuzi 7, linaanza kukakamaa. Hili linabaki laini. Nabonyeza kwa ukucha, mnaona linavyobonyea?

Kule linakotoka, hiyo ni sifa. Kwenye lami ya hapa saa nane mchana, ambayo hata peku huikanyagi, ulaini huohuo ni ugonjwa. Kashata zinayumba, breki inachelewa kushika, na mpira unalika kama sabuni. Gari langu la kwanza nililinunua likiwa na matairi haya. Kashata nene, zinapendeza, muuzaji akaniambia miaka mitatu sitanunua mengine. Msimu wa korosho nikaelekea Masasi. Sijafika Ndanda nasikia nyuma pa-pa-pa, kitu kinapiga bodi. Kushuka naona ngozi ya juu ya tairi imebanduka kama ganda la ndizi. Spea nayo haina upepo. Nilikaa pale mpaka jioni.

Kosa langu sikusoma tarehe. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Hapa ni 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisipoonekana, geuza upande wa pili. Lile lililonibandukia lilikuwa na miaka tisa. Siku hizi likivuka sita silinunui, hata kama kashata zinang'aa. Kung'aa ni dawa ya kupaka tu.

Kashata zenyewe tunazipima hivi. Ndani ya mfereji kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata zikilika mpaka zikawa sawa na vituta, umebakiwa na milimita 1.6, tairi limekwisha. Kwa matope mimi sisubiri hapo. Nachomeka njiti ya kiberiti, kichwa chini; kichwa kisipozama chote, naanza kutafuta hela.

Twende kwenye saizi. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, kuna kibandiko chenye saizi ya kiwandani na kiasi cha upepo. Kama kimebanduliwa, soma kitabu cha gari. Hili langu ni 195/60R15. Upana wake ni milimita 195. Ile 60 ni asilimia: ubavu una urefu wa asilimia 60 ya upana, yaani milimita 117. Halafu 15 ni inchi za rimu.

Watu wa theluji, majira ya baridi yakikaribia, wengi wanashusha rimu. Wanavaa rimu ndogo, tairi jembamba kidogo na ubavu mrefu. Tairi jembamba linakandamiza eneo dogo, linapasua theluji laini na kufika chini penye ugumu. Ubavu mrefu nao unalinda rimu isipinde shimoni. Sasa niambie, tope la kupanda Newala baada ya mvua lina tofauti gani? Utelezi uko juu, chini pagumu. Ila sisi korosho ikilipa tunafanya kinyume: tunapandisha rimu kubwa za kung'aa na tairi la ubavu mfupi kama chapati, halafu tunamtajirisha fundi wa kunyoosha rimu.

Ukishusha rimu, kimo cha gurudumu lote kisibadilike. Naandika hapa kwenye boksi. Ubavu 117 mara mbili ni 234; rimu ya inchi 15 ni milimita 381; jumla 615. Jaribu 185/70R14: ubavu 129.5 mara mbili ni 259, rimu 355.6, jumla 614.6. Tofauti hata milimita moja haifiki! Spidomita haitakudanganya.

Usilipe bado. Hesabu matundu ya nati, na upime upana wa duara linalopita katikati yake. Kuna rimu za 4 kwa 100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100, kuna za 5 kwa 114.3, na haziingiliani. Kisha ivalishe kwenye gari uizungushe kwa mkono, hivi. Ikikwaruza kalipa ya breki, irudishe, usikubali fundi akwambie itajisaga yenyewe.

Mchanga ni habari nyingine. Ukienda Msimbati, tairi jembamba linazama. Pale punguza upepo mpaka kama PSI 18, tembea taratibu, na ukirudi kwenye lami jaza kabla hujakimbia.

Kama safari zako ni Mtwara, Lindi na Dar, chukua tairi la lami lenye mifereji mirefu ya kutoa maji. Kama kila wiki uko Tandahimba vijijini, chukua lenye herufi A/T, la lami na vumbi pamoja. Yale ya M/T, ya matope hasa, yana makelele kwenye lami na yanakula mafuta, sikushauri. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi na Dar, Mei 2024, watu waliniuliza tairi gani litapita. Ndugu zangu, daraja likishaondoka hakuna tairi.

Na wewe unayetutazama ukiwa Canada au Norway: matairi ya baridi vaa yote manne. Ukivaa mawili ya mbele tu, kwenye kona nyuma patakuhama.

Tunafunga. Nati kaza kwa msalaba, hii kisha ya upande wa pili, usizunguke kama saa. Ukishatembea kilomita 50, simama uzikaze tena. Mpwa, weka simu kwenye tofali, njoo tushushe jeki.