Kompyuta Haiwaki? Tafuta Kwanza Imekwama Wapi

Karibu, ndugu mtazamaji. Mashine hii iliyo mezani ni ya jirani yangu, mwalimu. Juzi usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na tangu hapo kompyuta haijaonyesha kitu. Ndani yake kuna alama za mitihani za darasa zima. Fundi wa kwanza kuiona alimwambia ipigwe Windows upya, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta iwekwe upya. Nikamwomba asikubali mpaka tuitazame, maana Windows ikipigwa ovyo inafuta kazi zote, na mashine ambayo hata picha ya kwanza haitoi bado haijafika kwenye Windows.

Kwa hiyo tunaanza kwa kujua imekwama wapi. Umeme hauingii kabisa? Unaingia ila kioo ni cheusi? Au kioo kinawaka, Windows ndiyo haifunguki? Matatizo haya ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

Tuanzie ukutani. Chomoa kompyuta, chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile la ekstensheni. Simu ikichaji, tundu ni zima. Halafu waya. Waya wa umeme wa monita mara nyingi unafanana kabisa na huu wa kompyuta, basi zibadilishe. Huna haja ya kununua waya mpya ili kupima wa zamani.

Nyuma hapa, nasogeza kamera uone, kuna swichi yenye alama ya I na O. Iwe kwenye I. Baadhi ya pawa saplai za zamani, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, zina kiswichi kingine kidogo, mara nyingi chekundu, kilichoandikwa 115 na 230. Tafadhali kitazame kabla hujachomeka, hasa kama mashine ni mtumba kutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Wetu Tanzania ni 230. Ukiwasha huku kiswichi kiko kwenye 115, utasikia mshindo, na pawa saplai imekwenda.

Sasa chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Unamaliza umeme uliobaki ndani ya madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Rudisha waya, washa. Umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingine huzinduka kwa hatua hii tu.

Kama bado kimya kabisa, hakuna taa, hakuna feni, mshukiwa mkubwa ni pawa saplai. Azima nyingine nzima inayolingana na mashine yako, uijaribu. Lakini nakusihi usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua. Pawa saplai mbovu hubadilishwa nzima.

Hii ya mwalimu, sikiliza. Feni inazunguka na taa ya mbele inawaka. Kioo cheusi. Kwa hiyo umeme unaingia.

Kioo chenyewe kinapimwa haraka: chomoa waya wa picha ukiacha monita imewashwa. Monita nzima kwa kawaida itaandika kwamba haipokei kitu. Hii imeandika, basi haina kosa. Na kama boksi lako lina kadi ya picha ya kuongezwa, waya uchomekwe kwenye kadi, usichomekwe kwenye tundu la juu la madabodi.

Hapa sasa ndipo penye kazi. Chomoa waya wa umeme tena, usizime kwa swichi tu. Fungua kava la ubavuni. Gusa chuma tupu cha boksi kabla hujagusa kitu kingine, ili umeme tuli ulio mwilini mwako usiende kuunguza vifaa. Ona vumbi hili! Na pale chini ni mayai ya mende. Mende hupenda joto la ndani humu. Natumia brashi ya rangi, mpya na kavu, napangusa taratibu. Feni naishikilia kwa kidole isizunguke wakati naisafisha.

Vipande hivi virefu ni ramu, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Mashine yenye ramu iliyolegea au yenye kutu hufanya hivihivi: feni inazunguka, kioo cheusi. Nyingine hupiga milio, na idadi ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo ihesabu na uiandike. Fungua vishikizi vya pembeni, ramu itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo. Meno haya ya dhahabu yamefifia, yana weusi. Chukua raba ya penseli, sugua taratibu pande zote mbili, ukiwa mbali na madabodi ili makombo yasiangukie ndani ya tundu. Futa kwa kitambaa kikavu.

Hapa zipo mbili. Narudisha moja tu. Tazama pengo la ramu likae sawa na kijino cha tundu, kisha sukuma pande zote mbili mpaka usikie “ta”. Watu wengi huogopa kusukuma, ramu inabaki nusunusu. Nachomeka umeme, nawasha... Picha hiyo! Nazima, nachomoa, naongeza ya pili. Bado picha ipo. Kama ingepotea, ningeishuku ya pili au tundu lake.

Sasa inalalamika kwamba saa na tarehe si sahihi, inataka nibonyeze F1. Hiyo ni betri hii ya duara kwenye madabodi, CR2032, volti 3. Mafundi saa pia huwa nayo. Usiidharau, maana ikiisha, mipangilio ya mashine inaweza kurudi ya kiwandani, na kompyuta ikashindwa kuiona hadidiski, yaani ghala la Windows na kazi zako, hata kama ni nzima kabisa.

Betri mpya imeingia. Windows inajaribu kufunguka, inakwama, inarudi mwanzo. Imezimwa ghafla mara nyingi mno. Kwa Windows 10 na 11, ikishindwa kuwaka mara kama tatu mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa buluu wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Repair. Ukiona Remove everything, yaani futa kila kitu, usiiguse.

Wakati tunasubiri, sogeza sikio. Hadidiski ya zamani ikitoa “tik, tik, tik” isiyokoma, zima mara moja na usiwashe tena kujaribu, kwa sababu kila ukiwasha unazidi kuikwangua. Mpelekee mtu anayeokoa data. Hii yetu inanguruma vizuri.

Imefunguka. Kabla ya jambo lolote, kabla hata ya kurudisha kava, nachomeka flashi na kunakili folda ya matokeo. Asilimia 60... 90... imekwisha. Nafungua faili moja palepale kwenye flashi kuhakikisha linasomeka. Majina yapo, alama zipo. Mwalimu, flashi yako hii.