Tetemeko Lisipokuja

Bwana Yesu asifiwe, akina mama. Bwana asifiwe tena. Asanteni kwa kunialika, na asanteni ninyi akina baba wachache mliokubali kukaa nasi jioni hii.

Mmenipa niseme juu ya furaha inayodumu wakati wa shida. Nimelitafakari neno hili majuma mawili, na kila mara nilijikuta Filipi, ule mji wa Makedonia. Habari ya Matendo 16 tunaijua. Paulo na Sila wamechapwa bakora hadharani, wametupwa chumba cha ndani, miguu imefungwa kwa mkatale. Usiku wa manane wanaimba, na wafungwa wengine wanawasikiliza. Mara tetemeko! Milango yote ikafunguka.

Nadhani tumeihubiri habari hii kwa haraka mno. Tunakimbilia tetemeko. Tunamwambia mtu, imba, milango itafunguka. Mama wa watu anaimba mwaka wa kwanza, anaimba wa pili, mume bado yuko kitandani, kijana aliyeondoka nyumbani bado hajulikani aliko. Mwisho anaamini kwamba kasoro iko katika kuimba kwake. Tulikwenda kumfariji, tukamwachia mzigo wa pili.

Sasa fungueni Wafilipi. Miaka imepita, Paulo yuko kifungoni tena, na anawaandikia watu wa mji uleule. Huenda yule mlinzi wa gereza aliyemwosha majeraha ameketi ibadani, anasikiliza barua ikisomwa. Safari hii hakuna tetemeko. Anza sura ya kwanza, maliza ya nne, minyororo iko palepale. Hajui kama ataachiwa au atauawa, na katika 1:23 anasema wazi kwamba anasongwa katikati ya mambo mawili. Na katika barua hiyo ndimo anamoandika, "Furahini katika Bwana siku zote; tena nasema, Furahini."

Ni furaha ya namna gani hiyo? Tazameni sura ya pili. Wafilipi walimtuma ndugu yao Epafrodito apeleke msaada, naye akaugua karibu na kufa. Akapona. Paulo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na yeye Paulo pia, asipate "huzuni juu ya huzuni". Someni maneno hayo taratibu, wapendwa. Anayetuambia tufurahi alikuwa na huzuni tayari. Alichoepushwa ni ya pili kurundikwa juu ya ile ya kwanza. Sura ya tatu anasema anaandika kwa machozi. Basi tunapofika msibani na kumwambia mfiwa, "Usilie, wewe umeokoka," tunamdai kitu ambacho mtume mwenyewe hakuwa nacho.

Halafu kuna lile neno la 4:11, "nimejifunza" kuwa radhi. Aliyejifunza kuna siku alikuwa hajui. Mimi neno hilo linanipa moyo sana.

Na alijifunza akiwa na watu. Katika magereza ya nyakati zile mfungwa aliwategemea jamaa na rafiki wamletee chakula na nguo. Asipokuwa na mtu, alikuwa na njaa. Kwa hiyo mzigo ule wa Epafrodito haukuwa zawadi ya heshima tu. Wenzake walikuwa wamechanga, mmoja wao akasafiri, akaugua, karibu afe, ili Paulo ale. Paulo anapofika 4:10 na kusema alifurahi sana, anazungumza juu ya hao.

Mniruhusu niseme la nyumbani. Baba alipofariki, mama yangu aliacha kuimba. Alikuwa kwaya, sauti ya kwanza, lakini akawa anakwenda ibadani na kurudi bila kufumbua mdomo. Wenzake wa jumuiya hawakumkemea. Walikuja kila Alhamisi, na unga, na mafuta ya taa, wakaketi naye jikoni kuchambua maharage, wakaimba wao. Alisikiliza tu, kama wale wafungwa wengine wa Filipi. Ilichukua miezi. Kisha Alhamisi moja, nikiwa uani nafua, nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Niliacha nguo ndani ya beseni nikasimama mlangoni. Ada yetu ya shule ilikuwa bado inadaiwa. Baba hakuwa amerudi. Mama alikuwa anaimba.

Majirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hili kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 31 Januari 1885, wakati wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa ajili ya imani. Yusufu alikuwa bado mtoto. Inasimuliwa kwamba waliimba wimbo wa sifa waliofundishwa kwa Kiswahili, lugha hii hii yetu. Na moto haukuzimika. Nawaomba, siku tukiwataja hao, tusiseme imani yao ilipungua kitu.

Jambo la mwisho. Kabla tu ya "Furahini", mstari wa pili wa sura ya nne, Paulo anawasihi wanawake wawili wapatane, Evodia na Sintike. Anawataja kwa majina mbele ya kanisa zima! Nadhani alijua kwamba kikundi kilichogawanyika hakiwezi kumtuma Epafrodito mwingine. Nanyi mnajua ni nani hapa hawasalimiani. Sitauliza.

Ila ninaomba hivi. Katibu wa jumuiya, usifunge daftari la mahudhurio bado. Tulipitie sasa hivi, kabla giza halijaingia, tuone ni nani hajaonekana majuma matatu, na nani anakaa jirani naye.