Timu 16 na Uwanja Mmoja: Hesabu ya Kuandaa Mashindano ya Vikapu vya Vyuo

NEKESA: Karibuni kipindini. Leo tunazungumza na wanaoandaa mashindano ya mpira wa vikapu. Mutua, tuseme chuo kimoja hapa Nairobi kimekubali kupokea timu 16. Kianzie wapi?

MUTUA: Kianzie kwenye saa, kabla ya wafadhili, kabla ya fulana. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa vikapu duniani, mchezo ni robo 4 za dakika 10, lakini saa husimama kila filimbi inapolia. Ongeza mapumziko ya dakika 15 katikati, dakika 2 baina ya robo, na mapumziko mafupi yanayoombwa na makocha. Hapo ushakaribia saa moja na dakika 40. Bado timu zinataka dakika 20 za kupasha mwili. Tenga saa 2 kwa kila mchezo.

NEKESA: Basi tupige hesabu. Makundi 4 ya timu 4, kila kundi michezo 6, inakuwa 24. Robo fainali 4, nusu fainali 2, mshindi wa tatu, fainali. Jumla 32.

MUTUA: Na uwanja mmoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, unabeba michezo 6 tu. Makundi peke yake yanamaliza siku 4! Ukisikia mtu ameahidi kuyamaliza yote wikendi moja kwenye uwanja mmoja, ujue kuna wachezaji watakaochezeshwa mara tatu kwa siku, na hapo ndipo magoti na vifundo vya miguu huumia.

NEKESA: Dawa yake?

MUTUA: Viwanja viwili na siku 4, au upunguze timu. Au mtoano kama wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo kule Marekani: timu 68, kila mchezo unatoa moja, kwa hiyo michezo 67 inatosha kumpata bingwa, na wao huitawanya kwa wiki tatu hivi katika miji mingi. Ila kwa vyuo vyetu mtoano mtupu naona ni ukatili. Timu imesafiri kutoka Eldoret, icheze dakika 40 irudi nyumbani?

NEKESA: Nakubaliana nawe kabisa. Lakini kuna jambo la kuiga kwao: mchezo unaofuata hupangwa uanze kama nusu saa baada ya uliotangulia kwisha. Mchezo ukienda muda wa ziada wa dakika 5, ratiba inasogea bila ugomvi. Sisi tuandike “si kabla ya saa sita mchana”, na kila timu iwe ukumbini saa moja kabla. Kama ni Kasarani, kumbuka foleni ya magari ya Thika Road jioni ilivyo.

MUTUA: Sasa stima. Hapa ndipo mashindano mengi huharibikia. Stima ikipepesa hata sekunde moja, zile taa kubwa za zamani za gesi huzimika na haziwaki papo hapo. Lazima zipoe kwanza, dakika 10 hadi 15. Jenereta linanguruma nje na ukumbi bado giza. Taa za LED hazina shida hiyo, kwa hiyo siku ya kukagua ukumbi, uliza ni taa gani.

NEKESA: Na saa ya mchezo?

MUTUA: Iweke kwenye betri ya UPS, pamoja na zile saa mbili za sekunde 24, zinazoipimia timu muda wa kurusha mpira kikapuni. Zisipolindwa, zinasahau kila kitu. Halafu mtu mmoja mezani, kazi yake iwe kuandika muda uliosalia na alama kila refa anapopuliza filimbi. Kalamu na karatasi tu. Bila hivyo makocha wawili watakuwa na kumbukumbu mbili tofauti.

NEKESA: Sakafu na vifaa?

MUTUA: Pima mlingoti kila asubuhi: pete iwe mita 3.05 kutoka sakafuni, maana nguzo za magurudumu husogea na kuinama. Chini ya kila kikapu weka kijana mwenye mopu pana na taulo kavu. Jasho la mchezaji aliyeanguka linaweza kumvunja mwenzake. Mipira namba 7 kwa wanaume, namba 6 kwa wanawake, na pampu yenye geji. Mpira uliojazwa Mombasa ukifika Nairobi unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu hewa ya nje huku juu ni nyepesi. Upime upya.

NEKESA: Tuje mlangoni, maana hapa ni uhai wa watu. Oktoba 2010, mashabiki 7 walikufa katika mkanyagano langoni Uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya soka ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na mwaka 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilipunguza mashabiki Kasarani hadi 27,000 baada ya watu kuvunja ulinzi na kuingia. Tatizo huanzia nje, kwenye foleni.

MUTUA: Hesabu yake ni nyepesi. Kumpekua mtu na kukagua tiketi, sekunde 12. Njia moja inapitisha watu 300 kwa saa. Ukitarajia 3,000 ndani ya saa moja, unahitaji njia 10. Ukiwa nazo 4, fungua mapema zaidi, saa mbili na nusu kabla ya mchezo. Usiuze tiketi palepale langoni; kibanda kiwe mbali, ili asiye na tiketi asisukumane na mwenye nayo. Na milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli hata dakika moja. Mlinzi asimame pale, mnyororo ukae stoo.

NEKESA: Ambulensi ngapi?

MUTUA: Mbili. Moja ikiondoka na majeruhi na hakuna nyingine, mchezo usimame mpaka irudi. Liandikwe kwenye kanuni kabla timu hazijafika, kocha asije akabishana nawe mchezaji akiwa sakafuni.

NEKESA: Na basi la timu lisiegeshwe mbele ya ambulensi.