Klachi Imekwisha, au Imekataa Kuachia?

Ndugu zangu, karibuni. Naanza kwa kuwasumbua kidogo. Aliyewahi kuambiwa na fundi kwamba klachi ya gari lake "imekwisha", anyooshe mkono. Naam, ni mingi. Sasa aubakize juu yule tu ambaye fundi alimweleza imekwisha kwa namna gani. Mmoja... wawili... basi. Hata mimi wangu ningeushusha.

Miaka kadhaa nyuma gari langu lilianza kukataa gia, hasa asubuhi. Rivasi ilikuwa inasaga mpaka majirani wanachungulia. Nikalipeleka gereji, giaboksi ikashushwa, nikanunua klachi nzima. Haikupita wiki, gia zikakataa tena. Kumbe kilichokufa ni silinda ndogo ya chini, ile inayosukumwa na mafuta ya klachi. Ilikuwa inavuja polepole. Klachi niliyoitoa bado ilikuwa na maisha yake. Tangu siku hiyo silikubali neno "imekwisha" kabla ya kujibiwa swali moja: imeshindwa kushika, au imeshindwa kuachia?

Tazameni hii niliyoshika. Ni diski ya klachi. Pande zote mbili ina utando mgumu wa msuguano, umepigiliwa kwa ribiti. Inakaa katikati ya flaiwili, ambayo inazunguka pamoja na injini, na presha pleti yenye springi kali. Usipokanyaga pedeli, springi inaibana diski na nguvu ya injini inapita kwenda giaboksi. Ukikanyaga, beringi inasukuma vidole vya ile springi, presha pleti inarudi nyuma kidogo sana, na diski inabaki huru. Kinacholika ni huu utando, na unalika pale tu diski inapozunguka kwa mwendo tofauti na flaiwili, yaani kila unapoondoka, kila unapobadili gia, na kila unapocheza hafu klachi, yaani pedeli ikiwa nusu, mlimani badala ya kuvuta handibreki.

Kushindwa kushika ndiko mafundi wanakoita kuteleza, na uchakavu wa kweli huonekana hapo. Ndani ya gia moja, mizunguko ya injini na mwendo wa gari vimefungwa pamoja. Gia ya nne ikikupa mizunguko 2,000 kwa dakika ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, kwenye 90 itakupa 3,000, si zaidi wala pungufu. Giaboksi ni meno kwa meno, haina pa kudanganyia. Basi ukiona mshale wa mizunguko umeruka hadi 3,000 na spidi bado ni 60, na matairi hayazunguki bure, anayedanganya ni klachi.

Jaribio ninalolipenda ni hilo hilo. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na magari, injini ikiwa imeshapata moto. Weka gia ya nne au ya tano ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 au 60, kisha kanyaga mafuta hadi chini na utazame mishale miwili. Ikipanda pamoja, uko salama. Injini ikivuma peke yake huku gari likijivuta, umepata jibu. Kwa nini gia ya juu? Kwa sababu gia ya kwanza hulisukuma gari kwa wepesi na mzigo unaisha haraka. Gia ya juu inailazimisha klachi ibebe nguvu yote ya injini kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtu anazunguka mjini wiki nzima bila kuona kitu, halafu siku amepakia mizigo na kushika mlima ndipo anashangaa.

Wapo wanaopenda jaribio la handibreki: gari limesimama, handibreki imevutwa hadi mwisho, gia ya tatu, unaachia pedeli taratibu huku umekanyaga mafuta kidogo. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Linafanya kazi, sikatai, lakini klachi dhaifu huungua papo hapo ukiwa unaipima. Ukilifanya, iwe mara moja, sekunde chache, na mbele ya gari pasiwe na mtu.

Sasa tahadhari, maana si kila kuteleza ni uzee. Kwenye gari ambalo pedeli huivuta klachi kwa kebo, utando ukilika pedeli hushika juu zaidi na ule ulegevu mdogo wa mwanzo unapotea. Kebo isiporekebishwa, beringi inabaki imeegemea springi muda wote, na klachi inateleza hata kama diski ina nyama. Rekebisha kebo kwanza, ndipo uhukumu. Kwenye gari ambalo klachi husukumwa na mafuta yake badala ya kebo, kwa kawaida hakuna cha kurekebisha, mfumo hujipanga wenyewe. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha: breki zikilika mafuta hushuka kwenye chupa yake, ila klachi ikilika, mafuta yake hupanda kidogo. Ishara nyingine ni pedeli kuwa nzito kuliko ilivyokuwa, lakini hiyo inakuja polepole, mguu unazoea, na wa kwanza kuigundua mara nyingi ni yule uliyemwazima gari.

Halafu kuna oili. Sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke, ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi ikivuja, diski inalowa, inateleza, au gari linatetemeka unapoondoka. Ukibadili diski ukaiacha sili, umenunua diski ya pili mapema. Na harufu ya kuungua baada ya kunasa kwenye tope si hukumu ya kifo. Simama, iache ipoe, kisha fanya lile jaribio la gia ya juu.

Kushindwa kuachia ni kesi nyingine kabisa. Injini ikiwa inawaka, kanyaga pedeli hadi chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ikisaga, diski bado inazunguka wakati ilipaswa kuwa imetulia. Pampu pedeli mara mbili tatu ujaribu tena. Ikiingia vizuri, shuku hewa au uvujaji kwenye mafuta ya klachi kabla ya kumruhusu mtu ashushe giaboksi. Na tafadhali, angalieni kwanza kama zulia la sakafuni halijajikunja chini ya pedeli. Mnacheka, lakini nimeliona.

Kelele nazipitia haraka. Ikitokea ukikanyaga pedeli, shuku beringi ya klachi. Ikitokea ukiwa nyutro umeachia pedeli, na ikapotea ukikanyaga, shuku beringi iliyo ndani ya giaboksi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kilomita ngapi. Sina namba ya kuwapa. Klachi moja itavuka kilomita 150,000 na pacha wake, kwenye gari la aina ile ile, asifike 50,000, kwa sababu tu dereva wake anapumzisha mguu juu ya pedeli. Msihesabu kilomita, tazameni inateleza wapi. Ikiteleza gia ya juu tu, tena ukikanyaga mafuta yote, una muda wa kutafuta spea nzuri na kupanga siku ya gereji. Ikifika gia ya pili au ya tatu kwenye tambarare, usipange safari: mlima unaofuata huenda usiupande. Klachi iliyochakaa haijirudi, kila kuteleza kunaleta joto na joto linaongeza kuteleza. Ribiti zikitokeza, zinaikwaruza flaiwili, na sasa unalipia vitu viwili.

Ukiamua kubadili, badili diski, presha pleti na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hakuna anayetaka kuishusha tena kwa ajili ya beringi moja. Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu au nyufa, mwonyeshe fundi kabla hajafunga. Kilomita mia chache za mwanzo endesha kwa upole, bila kuvuta mzigo mzito.

Diski hii naipitisha kwenu wakati wa maswali. Gusa vichwa vya ribiti kwa kidole: vitabu vingi vya ufundi huweka kikomo cha milimita 0.3 hivi kutoka juu ya utando hadi kichwa cha ribiti, na hapa utaona upande mmoja umeshafika. Nimeifuta kwa kitambaa chenye maji. Zile za zamani mtakazokuta gerejini msizipulizie vumbi lake, maana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Haya, yule dada wa nyuma alinyoosha mkono tangu mwanzo.