Karatasi za Mama Florence Price

Mwangaluka, akina mama na akina baba. Tumsifu Yesu Kristo!

Leo nawaletea mtunzi mmoja wa muziki wa klasiki, mwanamke mweusi wa Marekani, Florence Price. Alizaliwa mwaka 1887 huko Little Rock, Arkansas. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na piano alianza kufundishwa na mama yake. Akaenda kusoma Boston, akahitimu mwaka 1906.

Mwaka 1927, ukatili dhidi ya watu weusi ulipozidi kule kwao, alihamia Chicago na familia yake. Ndoa ikavunjika mwaka 1931, akabaki na mabinti wawili wa kulea. Akapiga kinanda kwenye majumba ya filamu zisizo na sauti, akatunga nyimbo za matangazo ya redio, akafundisha watoto wa watu piano. Ninyi mnaoamkia soko la samaki Kirumba na jioni mko kwenye mazoezi ya kwaya, maisha hayo hamhitaji kusimuliwa.

Sasa muda wa kutunga aliupata wapi? Alivunjika mguu! Alimwandikia rafiki yake kwamba mwezi Januari alipata siku chache za kuandika bila kusumbuliwa, akauliza ni lini tena atapata bahati ya kuvunjika mguu. Niliposoma maneno hayo machozi yalinitoka.

Simfoni yake ya kwanza, yaani utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, ikashinda shindano la utunzi la Wanamaker mwaka 1932, zawadi dola 500. Tarehe 15 Juni 1933 ikapigwa na Chicago Symphony Orchestra, mwongozaji akiwa Frederick Stock. Hakuna okestra kubwa ya Marekani iliyokuwa imepiga simfoni ya mwanamke mweusi kabla ya siku hiyo.

Mimi naipenda zaidi sehemu ya tatu. Mahali ambapo watunzi wengi wa Ulaya huweka skerzo, kipande chepesi cha mwendo wa haraka, yeye ameweka Juba. Hiyo ni ngoma ya watumwa: walinyang'anywa ngoma, wakapiga makofi, wakapiga mapaja na vifua, mwili ukawa ndiyo ngoma. Ni sawa na leo mmoja wetu aichukue Bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma, majembe yanavyorushwa na kudakwa, mwendo ule ule awape wapiga fidla. Inawezekana, jamani! Huyu mama alifanya hivyo zaidi ya miaka 90 iliyopita.

Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston. Alimweleza waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, akamwomba aipime kazi kwa ubora wake tu. Okestra ile haikuzipiga simfoni zake enzi za uhai wake. Mwaka 1953 akafariki, na jina lake likaanza kusahaulika.

Mwaka 2009, mume na mke walikuwa wanakarabati nyumba mbovu katika mji mdogo wa St. Anne, kusini ya Chicago. Mti ulikuwa umeangukia paa. Kwenye upande ambao mvua haikufika wakakuta marundo ya karatasi za nota, zimeandikwa jina la Florence Price. Nyumba hiyo alikuwa akiitumia kipindi cha joto. Humo zilikuwemo konseto mbili za fidla, yaani tungo za fidla ikisindikizwa na okestra, na simfoni yake ya nne! Mti ungeangukia chumba cha pili, leo tusingekuwa nazo.

Mama aliyenifundisha solfa, zile nota za do-re-mi, hapa Mwanza alitunga nyimbo nyingi za sauti nne, zote kwenye madaftari ya shule. Alipofariki madaftari yakawekwa stoo, mchwa wakayamaliza. Kuna wimbo wake mmoja wa matoleo ninaoukumbuka, tena alto tu, kwa kuwa ndiyo sauti niliyokuwa naimba. Soprano siijui. Nimewauliza wenzangu wa enzi zile, hakuna anayeikumbuka.

Ndiyo maana niliwaomba mje na madaftari yenu ya nyimbo. Pale mezani yuko binti wa kwaya ya vijana na simu yake. Pangeni foleni, apige picha kila ukurasa, na jina la mtunzi lisomeke juu. Mkiwa mnasubiri, nawasha spika msikilize Juba.