Fadhaa Si Kitambaa: Kumchagulia Mtoto Kitabu Kinachomfaa

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo mimi na Mwalimu Salimu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wazazi hutuuliza mara kwa mara, nalo ni namna ya kutambua mtoto amefikia kiwango gani cha usomaji na, baada ya hapo, kumchagulia kitabu kinachomfaa. Mwalimu, naomba nianze na kisa kilichonipata mwenyewe, ingawa kinanitia haya kidogo.

SALIMU: Anza nacho, Bi Rehema. Hukumu nitaitoa baadaye.

REHEMA: Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 8, alikuja kukaa nasi wakati wa likizo. Nilimpa kitabu, akanisomea ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja, sauti ikipanda na kushuka panapostahili, nami nikajisemea kwamba huyu sasa apewe vitabu vya madarasa ya juu. Katika ukurasa ule mlikuwa na sentensi isemayo, "Mzee aliyekuwa akisubiri kivukoni aliinamisha kichwa kwa fadhaa." Nilipomuuliza huyo mzee amefanya nini, alinijibu bila wasiwasi wowote kwamba mzee amejifunga kichwa. Kwa nini? "Kwa fadhaa, mama mdogo." Kumbe kwake yeye fadhaa ilikuwa aina ya kitambaa.

SALIMU: Wala hakufanya uzembe. Alikutana na neno geni, akalitafutia maana inayoelekea kukaa mahali pale, kama afanyavyo msomaji yeyote mzuri. Aliyeteleza ni wewe, Bi Rehema, kwa kuisikiliza sauti ukadhani unasikiliza uelewa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazimudu irabu tano, konsonanti na miungano kama vile "dh", "ng'" na "nyw", anaweza kutamka takribani neno lolote utakalomwekea, awe analijua au halijui. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ina mitego mingi, mara nyingi hujikwaa kwenye neno geni, na kule kujikwaa humwamsha mwalimu. Wetu hajikwai. Analipita neno "fadhaa" kama anavyolipita neno "meza".

REHEMA: Basi na ule utaratibu wa vidole vitano, ambao wakutubi wengi huupendekeza, unahitaji kurekebishwa. Kwa ambao hawaufahamu, mtoto hufungua ukurasa wowote katikati ya kitabu na kuinua kidole kimoja kwa kila neno linalomshinda. Akimaliza ukurasa akiwa ameinua kidole kimoja au hakuna, kitabu ni chepesi kwake. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vikitimia vitano, akiweke kwanza.

SALIMU: Utaratibu huo naukubali kwa sharti moja, kwamba kidole kiinuliwe kwa neno asilolielewa, si kwa neno linalomshinda kutamka. Na hata hivyo usimwachie mtoto hesabu yote, kwa sababu aliyedhani fadhaa ni kitambaa asingeinua kidole. Yeye alijua kwamba anajua. Kaa naye, asome ukurasa mmoja, kisha afunge kitabu akusimulie kilichotokea kwa maneno yake. Akikurudishia sentensi zile zile kama zilivyochapwa, muulize "kwa nini" mara moja au mbili. Hapo ndipo utakapojua.

REHEMA: Jambo hili wataalamu wamelieleza vipi?

SALIMU: Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba uelewa wa kusoma ni zao la vitu viwili, yaani uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Nimesema "zao" kwa maana ya kuzidisha. Ukijumlisha, upungufu wa upande mmoja unaweza kufidiwa na upande wa pili. Ukizidisha, sifuri upande mmoja inaleta sifuri kwenye jibu. Mtoto anayetamka kila kitu katika lugha asiyoifahamu haelewi chochote, na vivyo hivyo msimuliaji hodari asiyezijua herufi. Kwa msomaji wa Kiswahili upande wa kwanza hukomaa mapema, kwa hiyo tofauti kati ya mtoto na mtoto hujificha zaidi kwenye upande wa pili, yaani msamiati na ujuzi wa mambo.

REHEMA: Mimi kazi yangu ni uhariri, na mara kwa mara huletewa miswada ambayo mwandishi ameipima kwa programu ya kompyuta inayotoa kiwango cha darasa. Huwa sijui nicheke au nilie.

SALIMU: Cheka. Nyingi ya programu hizo hutumia kanuni ya Flesch-Kincaid, iliyotengenezwa mwaka 1975 kwa ajili ya miongozo ya kiufundi ya Jeshi la Majini la Marekani. Inahesabu wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno, basi. Kwa Kiingereza ina mantiki fulani, kwa kuwa maneno marefu ya lugha hiyo mara nyingi ndiyo yaliyo adimu. Sasa chukua sentensi "Watoto wanacheza uwanjani." Ina maneno 3 na silabi 11. Nilikaa nikaipigia hesabu kwa kalamu: kuielewa, kwa mujibu wa kanuni hiyo, kunahitaji elimu ya darasa la 28 na ushei!

REHEMA: Profesa mwenyewe hajafika huko.

SALIMU: Na mtoto wa miaka 4 anaielewa. Lugha yetu huambatanisha viambishi, kwa hiyo neno "atakayewasaidia" lina silabi 9 na halimtishi mtoto yeyote anayekizungumza Kiswahili, kwa kuwa vipande vyake amevisikia tangu utotoni. Neno "hila" lina silabi 2 tu, lakini linaweza kuufunga mlango wa hadithi nzima. Ninapopima ugumu wa kitabu cha Kiswahili naangalia kwanza maneno ya kidhahania, kisha methali na nahau zilizotumiwa bila muktadha wa kuzifafanua, kisha sentensi ambazo kirejeshi chake kiko mbali na nomino yake, kiasi kwamba mtoto hajui "aliyemwona" ni nani na "aliyeonwa" ni nani. Urefu wa neno nauacha nyuma kabisa, isipokuwa kwa mtoto ambaye bado anaunganisha silabi kwa kidole. Huyo neno refu linamchosha kweli.

REHEMA: Kuna walimu wanaotumia asilimia. Wanasema mtoto asome maneno 100, kisha wahesabu makosa.

SALIMU: Chanzo cha asilimia hizo mara nyingi hutajwa kuwa Emmett Betts, aliyeziandika Marekani mwaka 1946. Kitabu cha kujisomea, kwa maoni yake, ni kile ambacho mtoto anapatia maneno 99 kati ya 100; anachofundishiwa ni kile anachopatia 95; na akishuka chini ya 90 kitabu kinamkatisha tamaa. Nazichukulia kama dira, na hasa nalichukua wazo la msingi, kwamba kuna kitabu cha kusoma peke yake na kuna kitabu cha kusoma ukiwa kando yake. Namba zenyewe siziagizi jinsi zilivyo, kwa maana maneno 100 ya Kiswahili hubeba habari nyingi. "Hawakutuambia" ni neno moja kwetu, ilhali Kiingereza kinahitaji matano.

REHEMA: Na vile viwango vinavyochapwa kwenye majalada?

SALIMU: Vipo vya herufi, kuanzia A hadi Z, vilivyopangwa na Irene Fountas na Gay Su Pinnell katika miaka ya 1990, na vipo vya namba kama Lexile, ambapo kitabu hupewa namba na msomaji hupewa yake; namba hizo zikilingana, msomaji hutarajiwa aelewe takribani asilimia 75 ya anachosoma. Vinamsaidia mwalimu mwenye watoto 40 na vitabu 300. Vikigeuzwa kuwa cheo cha mtoto vinadhuru, na Fountas na Pinnell wenyewe wamelalamika kwamba kipimo walichokikusudia kwa mwalimu kimebandikwa watoto. Mtoto anayesema "mimi ni D" mbele ya wenzake atakikwepa kitabu chochote chenye herufi hiyo, hata kama ndicho anachokihitaji.

REHEMA: Mimi nina jambo linalonisumbua zaidi ya hilo, yaani mtoto mmoja kuwa na viwango viwili kwa siku moja. Yule yule wa fadhaa alipata kitabu kuhusu injini za meli, chenye maneno kama "rafadha" na "nanga", akakimeza chote, na akanisahihisha nilipokosea kueleza picha.

SALIMU: Kwa sababu habari za meli anazo kichwani tayari. Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha mwaka 1988 utafiti wa wanafunzi 64 waliosoma habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo walikumbuka na kuelewa zaidi ya wasomaji hodari wasioujua. Ndiyo maana swali "mtoto wangu yuko kiwango gani" halina jibu moja. Yuko kiwango gani katika habari gani? Ukitaka kumpandisha, mpandishe kwanza kupitia jambo analolijua.

REHEMA: Na mtoto wa miaka 12 ambaye usomaji wake ni wa darasa la pili?

SALIMU: Usimpe hadithi ya sungura mdogo aliyepoteza kofia. Atafedheheka, na atakuwa na haki. Mtafutie vitabu vyenye sentensi nyepesi na mambo ya rika lake: wasifu mfupi, sayansi yenye michoro, kitabu cha katuni. Wakati huo huo msomee kwa sauti kitabu kigumu kuliko anavyoweza mwenyewe, kwani katika miaka ya mwanzo ya shule sikio la mtoto huwa limetangulia jicho lake kwa mbali, na msamiati wa vitabu atakaoupata kwa kusikia ndio atakaoukuta baadaye akisoma peke yake. Wazazi wengi huacha kuwasomea watoto mara tu wanapojua herufi, jambo ambalo sijapata kulielewa.

REHEMA: Mimi nilikuwa mmoja wao, Mwalimu, hivyo hukumu yako nimeipokea. Kile kitabu cha mzee wa kivukoni sikukirudisha maktaba. Nilikisoma naye ukurasa mmoja kila usiku hadi wa 9, kisha akaniambia nisiendelee, anataka kwanza kujaribu mwenyewe. Amekwenda nacho kwao.

SALIMU: Na fadhaa?

REHEMA: Ameiandika kwa penseli pembeni, na chini yake amechora uso tu, bila kitambaa.